Mali na Madeni Huhama Pamoja

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza maneno mawili yaendayo pamoja kama jembe na mpini: mali na madeni.

Ninyi mlioko Dakawa mna mfano karibu. Mwaka 1982 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hapo Dakawa. Wakajenga. Mwaka 1992 majengo ya Dakawa na ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Serikali yetu. Kukabidhi kitu kikubwa namna hiyo hakufanywi kwa maneno matupu. Yataka orodha: nyumba ngapi, vitanda vingapi, nani anadai, nani anadaiwa.

Sasa tutazame ofisi inayokagua fedha za nchi nzima. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 143, yasema yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Walau mara moja kila mwaka hukagua hesabu, na taarifa yake humfikia Rais, kisha Bunge. Katika ukaguzi huo halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine yeyote. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 imeeleza habari za Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2003, wakaunda ofisi kama hiyo.

Ofisi ya ukaguzi ikipewa kusimama peke yake, swali huzuka: meza, magari na majengo yaliyokuwa ya Serikali sasa ni ya nani? Fikirini mkaguzi anakwenda kukagua wizara, na gari alilopanda ni la wizara ile ile. Mwenye gari akikasirika, mkaguzi atarudi kwa miguu. Je, ataandika kweli bila hofu? Ndiyo maana mali ya kazi yake yafaa iwe mikononi mwa ofisi yake.

Lakini mali haihami peke yake. Tuseme ofisi ya zamani ilichukua karatasi dukani kwa mkopo. Serikali itasema, "Ofisi ile si yetu tena." Ofisi mpya itasema, "Sisi hatukukopa." Mwenye duka atabaki akizunguka na hati yake. Kwa hiyo yapasa iandikwe wazi kwamba anayepokea mali hupokea na madeni yake, na mikataba pia.

Shikeni mambo matatu:

1. Orodha iandikwe kabla ya makabidhiano.
2. Madeni yaandikwe kando ya mali.
3. Anayetoa na anayepokea watie sahihi mbele ya mashahidi.

Haya si ya wakubwa tu. Mweka hazina wa chama chenu cha wakulima akibadilishwa, ulizeni orodha siku ile ile. Mkingoja msimu wa mavuno, huenda mizani imepotea na deni la mbolea limebaki kwenu. Leo mwajua kusoma. Isomeni orodha hiyo wenyewe.

Maswali:

1. Kwa nini mkaguzi asitumie gari la anayekaguliwa?
2. Deni la ofisi ya zamani litalipwa na nani?
3. Andika orodha ya mali na madeni ya darasa lenu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.