Mimba Katika Kovu ya Kisu

Leo nasema zaidi na ninyi muliozalishwa kwa kisu.

Munganga akipasua nyumba ya mutoto anaishona, na pale panabaki kovu. Mimba inayofuata kwa kawaida inakaa juu, mahali pake. Lakini mara moja moja, wanahesabu karibu mimba 1 katika 2,000, inajishika ndani ya kovu yenyewe. Wanganga wa Afrika Kusini waliandika habari hii mwaka 1978. Pale nyama ni nyembamba kama kitenge kilichofuliwa sana. Mimba ikikua, inachimba mizizi kuelekea kibofu, nyumba inaweza kupasuka, na damu ikitoka haishikiki.

Ubaya wake, mwanzoni pengine hausikii kitu. Wengine wanaona damu kidogo, ao tumbo linauma kidogo tu. Basi ukikosa mwezi, usingoje tumbo lionekane. Kuja juma la 6 ao la 7, useme wazi: “Niko na kovu.” Tutaomba ekografi. Ile inayopitishwa chini inaona vizuri kuliko ya juu ya tumbo, musione haya.

Sasa neno gumu. Pengine moyo wa mutoto unapiga. Mama analia, mama mkwe anasema tungoje. Mimi mwenyewe nimekaa kando ya kitanda nikikosa la kusema. Wako waliongoja mpaka wakazaa, lakini wengi wao waliondolewa nyumba ya mutoto, na hiyo katika hospitali kubwa zenye damu tayari. Ndiyo maana wanganga wanashauri itolewe mapema: kwa sindano ya metotreksati ndani ya mfuko wa mimba, ao kuivuta huku wakiangalia ekografi, ao kupasua na kushona kovu upya. Kukwangua bila kuona ndani, hapana! Na vidonge vya soko, na mizizi, hapana kabisa.

Kutoka Fungurume kwenda Likasi ao Kolwezi munajua wenyewe, magari ya migodi yanafunga barabara. Usianze kutafuta njia wakati damu inatoka. Weka feza kidogo, ujue ndugu wawili wa kutoa damu, na karatasi ya kisu chako uitunze.

Mama mumoja aliniuliza: “Nitazaa tena?” Wengi wanazaa. Baada ya sindano ile ungoje angalau miezi 3, urudi kupimwa damu mpaka munganga aseme imeisha. Na mimba nyingine ikiingia, ekografi ni mapema vilevile.