Mifupa ya Sabyinyo na Mipaka ya Nchi Tatu



Mlima Sabyinyo ndipo mahali inapokutana mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo. Mwaka 1902, kabla wakoloni hawajapatana juu ya mipaka hiyo, ofisa wa jeshi la Kijerumani, Robert von Beringe, aliyekuwa akitoka Usumbura katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliupanda mlima huo na kuwapiga risasi gorila wawili. Mmoja alipatikana, na mabaki yake yakapelekwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie alimtangaza kuwa ni aina mpya, akampa jina la ofisa aliyemwua. Wenyeji wa milima hiyo humwita ingagi. Jina hilo halikuingia katika vitabu vya sayansi.

Wako wanaodhani kwamba makumbusho ya viumbe ni ghala la wanyama waliokufa, pahali pa kuwapeleka wanafunzi siku ya mvua. Kazi yake kubwa imo katika makabati ambayo wageni hawaonyeshwi. Humo kila fuvu na kila ngozi ina kikaratasi kinachotaja mahali na siku ilipochukuliwa. Kikaratasi kikipotea, fuvu hubaki mfupa tu. Kikiwapo, mchunguzi wa leo aweza kujua mnyama aliishi wapi miaka mia iliyopita, hata kama msitu wenyewe umekwisha kufyekwa, kama ulivyofyekwa upande wa Rwanda kwa ajili ya kilimo cha pareto.

Mwaka 1921 Carl Akeley, wa makumbusho ya New York, alikwenda Kongo ya Wabelgiji kutafuta gorila wa kuonyeshwa. Msafara wake uliwaua, na ngozi zao zimo hadi leo katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936. Lakini mtu huyo huyo, alipokwisha kuwatazama kwa karibu, aliwasihi Wabelgiji wasiwaache waishe. Mwaka 1925 Mfalme Albert alianzisha hifadhi iliyoitwa kwa jina lake. Akeley alirudi mwaka 1926, akafariki na kuzikwa kwenye mlima Mikeno. Kazi ya kupima nchi na kuwahesabu gorila ikaendelezwa na Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Si rahisi kumsifu mtu kwa kukiokoa alichokwisha kukiua, wala si haki kuficha kwamba alisaidia kukiokoa.

Baada ya uhuru, Kongo na Rwanda kila moja ilibaki na sehemu yake ya hifadhi, na mwaka 1991 Uganda ikaifanya Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa. Gorila hana hati ya kusafiria. Kundi moja laweza kulala Rwanda na kula Kongo. Kwa hiyo hesabu ya nchi moja peke yake haifai kitu: mnyama atahesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa. Ndiyo sababu watumishi wa nchi zote tatu huupita msitu kwa pamoja, wakiokota vinyesi penye malazi ya gorila ili vipimwe katika maabara. Mwaka 1981 walikadiriwa kuwa 254 katika milima ya Virunga. Hesabu ya 2015 na 2016 iliwakuta 604.

Limebaki suala la mifupa. Mwalimu wa Kisoro au Goma anayetaka kuviona vielelezo vya Matschie na Akeley, vya wanyama wa milima anayoiona kutoka dirishani mwake, hana budi kuvuka bahari. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 Rwanda, ikishirikiana na wataalamu wa Marekani, imekuwa ikifukua mifupa ya gorila waliokufa katika hifadhi na kuzikwa. Hakuna aliyeuawa kwa ajili hiyo. Tena wengi wao walikuwa wakifuatwa na watafiti tangu utotoni, hata mama zao, umri wao na maradhi yao yanajulikana, mambo ambayo hakuna kikaratasi cha Berlin kinachoweza kuyasema. Mifupa hiyo imehifadhiwa Rwanda kwenyewe, na mtaalamu wa ng'ambo anayetaka kuipima hupanda ndege akaifuata huko.