Ufunguo wa Kabati: Kazi ya Kusimamia Dawa Zinazodhibitiwa, kwa Macho ya Thika na Ruiru

Katika wodi za hospitali za umma nchini Kenya kuna kabati dogo lenye kufuli ambalo wauguzi huliita kabati la DDA. Herufi hizo zimetokana na sheria ya kikoloni ya dawa hatari, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 1994, lakini wauguzi wangali wanazitumia. Ndani ya kabati huwekwa mofini, pethidini na dawa nyingine kali za kutuliza maumivu. Zamu inapobadilika, wauguzi wawili husimama mbele yake: mmoja anahesabu ampuli, mwingine anafuata kwenye rejista, safu baada ya safu, tarehe, jina la mgonjwa, kipimo, aliyeagiza, aliyetoa, shahidi, salio. Ampuli ikianguka ikavunjika, hilo nalo huandikwa na kutiwa sahihi na wote wawili. Hesabu isipolingana, hakuna anayeenda nyumbani.

Dakika hizo chache ni ncha ya mnyororo mrefu unaoanzia Vienna, ukapita Nairobi katika Wizara ya Afya na Bodi ya Famasia na Sumu, ukafika mpaka kando ya mto Chania, mjini Thika. Mada hii inawahusu watumishi wa umma wanaoushika mnyororo huo katikati: mkaguzi wa maduka ya dawa, mfamasia anayeandika vibali vya kuingiza dawa, ofisa wa kaunti anayetoa leseni za baa, na wakubwa wao wanaotunga sera. Ni kazi isiyotajwa sana vijana wanapochagua taaluma, hata katika eneo hili ambalo Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja vinafundisha famasia. Mwanafunzi huota duka lake mwenyewe, au kiwanda, au hospitali ya ng'ambo. Ofisi ya serikali huja mwishoni.

Hoja ya mada hii ni kwamba sheria imempa mtumishi huyu kazi mbili, na Kenya imekuwa ikimpima kwa moja tu. Kazi ya kwanza ni kuzuia dawa isivuje kwenda mikononi mwa walanguzi. Ya pili ni kuhakikisha anayeihitaji kwa matibabu anaipata. Mkataba wa kimataifa wa 1961 wa dawa za kulevya unaanza kwa kukiri kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Ule wa 1988 dhidi ya ulanguzi iliuridhia mwaka 1992, na ule wa 1971, unaohusu dawa zinazoathiri akili, mwaka 2000.

Utaratibu wenyewe ni wa karatasi, tena karatasi nyingi. Kila mwaka nchi hukadiria itahitaji gramu ngapi za mofini, ngapi za pethidini, ngapi za methadoni, na kupeleka makadirio hayo kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya mjini Vienna. Mwagizaji wa Nairobi akitaka kuleta shehena, huomba kibali cha kuingiza. Nchi inayouza nayo hutoa kibali chake cha kutoa baada ya kuona kile cha kwanza. Jumla ya mwaka ikifikia kiwango kilichokadiriwa, muuzaji wa nje haruhusiwi kutuma zaidi mpaka nchi ipeleke makadirio ya nyongeza. Kwa hiyo mfamasia aliyeketi Nairobi akiandika kiasi kidogo mno, mgonjwa wa saratani aliyelazwa Thika ameshanyimwa dawa kabla hata ya kuugua. Hakuna polisi aliyehusika, na gazeti halitaandika neno.

Upande wa kuzuia ndio unaojulikana zaidi. Ruiru, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika yenyewe iliyokuwa na 251,407. Mji uliokua kwa kasi hiyo kandokando ya barabara kuu ya Thika huzaa maduka ya dawa kila mtaa: Kimbo, Kihunguro, Githurai, kwenye ghorofa za chini za majengo ya kupanga. Mkaguzi anapoingia dukani huanza na maswali matatu. Leseni iko wapi? Mfamasia aliyesajiliwa yuko wapi? Rejista ya dawa zinazodhibitiwa iko wapi? Kisha hufungua kabati na kuhesabu. Anatafuta hasa vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, kama diazepamu na jamaa zake, ambavyo mtaani huitwa bugizi, na vile vinavyowekwa kwenye kinywaji cha mtu ili aibiwe, vinavyojulikana kwa jina la mchele. Mwaka 2018, baada ya kashfa ya dawa za kikohozi zenye kodeini kutikisa Nigeria, Kenya nayo ilikaza masharti: dawa yenye kodeini isitoke dukani bila cheti cha daktari.

Ukaguzi wa aina hiyo hauna shangwe. Mkaguzi mzuri hasomi tu rejista. Analinganisha tarehe za vyeti na mwandiko, anaona daktari mmoja ameagiza kipimo kilekile kwa wagonjwa ishirini, anauliza kwa nini wino wa mwezi mzima ni mmoja. Huko ndiko wizi wa dawa hizi unakoweza kugunduliwa, si kwenye vizuizi vya barabarani.

Lakini mamlaka yametawanyika. Bodi ya Famasia na Sumu iko chini ya Wizara ya Afya. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kampeni dhidi ya ulevi na dawa za kulevya, iko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Kitengo cha polisi cha kupambana na mihadarati kiko chini ya idara ya upelelezi wa jinai. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti leseni za vileo pamoja na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa Makongeni, Thika, anayeshuku duka la jirani ana milango minne ya kubisha, na kila mlango unaweza kumwelekeza kwa mwingine.

Hata watu waliopewa uongozi wanaonyesha jinsi nchi ilivyolitazama jambo hili. NACADA ilipoanza mwaka 2001, mratibu wake alikuwa Joseph Kaguthi, aliyekuwa mkuu wa mkoa: mtu wa utawala, wa mabaraza na machifu. Baadaye bodi iliongozwa na Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, aliyewaona walevi kama wagonjwa. Kisha akaja John Mututho, mbunge wa zamani wa Naivasha, ambaye jina lake lilikwisha kubandikwa kwenye sheria ya vileo ya 2010, ile inayozitaka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mtawala, daktari, mwanasiasa. Kila mmoja alileta chake. Mfamasia, aliyesomea jinsi dawa inavyotengenezwa, inavyohifadhiwa na inavyopotea, alibaki kwenye ile ofisi nyingine, upande wa Afya.

Pombe yenye sumu inaonyesha hasara ya mpangilio huo. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako katika eneo la kati. Wabunge wakaongoza umati, maghala yakavunjwa, vileo vikamwagwa barabarani, Kaunti ya Kiambu, zilimo Thika na Ruiru, ikiwa katikati ya vurugu hizo. Miaka michache baadaye serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa Kaa Sober, ambapo waraibu walilipwa kwa kazi za mikono huku wakisaidiwa kuacha pombe.

Hasira ya 2015 ilieleweka. Wazazi walikuwa wamezika vijana, na wengine walikuwa wakiwaongoza kwa mkono vijana waliopofuka, kwa kuwa methanoli mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho. Lakini methanoli haizaliwi kwenye baa. Ni kemikali ya viwandani, huingia nchini kihalali kwa ajili ya rangi na viyeyushi, na hutoka kwenye njia halali mahali fulani kati ya bandari na kiwanda. Mahali hapo hapaonekani kwa anayevunja chupa. Panaonekana kwa anayelinganisha hati ya forodha na kitabu cha ghala. Thika ni mji wa viwanda. Ofisa mmoja mwenye uwezo wa kuingia ghalani na kuuliza pipa la arobaini limeenda wapi angeokoa macho mengi kuliko msafara wa malori.

Na hata kilichokamatwa kinahitaji rejista. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa kwa pombe ambayo serikali yenyewe ilieleza kuwa ilitokana na vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa katika kituo cha polisi. Sumu iliyokwisha kukamatwa, ikaandikwa, ikafungiwa, ilirudi mezani kwa mnywaji. Wanaokumbuka zaidi ya tani moja ya kokeini iliyonaswa Malindi na Nairobi mwishoni mwa 2004 watakumbuka pia minong'ono ya muda wote ilipokuwa ikingoja kuteketezwa, hadi 2006. Muuguzi wa wodini anahesabu ampuli kila zamu, mbele ya shahidi. Hakuna sababu ya stoo ya vielelezo kuhesabiwa kwa nadra kuliko kabati la wodi.

Sasa ile kazi ya pili. Mofini ya kunywa ni dawa rahisi kutengeneza: unga huyeyushwa kwa maji safi, hutiwa kihifadhi, hujazwa kwenye chupa ya plastiki, na mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne akiwa kitandani kwake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba hospitali za umma za Kenya zilizokuwa nayo zilihesabika kwa vidole. Nairobi Hospice, inayotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilikuwa imefanya kazi tangu 1990, na chama cha wahudumu wa tiba shufaa kilikuwa kikibisha hodi wizarani mwaka baada ya mwaka. Kikwazo kikubwa kilikuwa hofu. Sheria ya 1994 ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya walanguzi, na daktari wa kawaida alipoisoma aliona kifungo kirefu kuliko alivyoona kifungu kinachomruhusu kutibu.

Waganda walichagua njia nyingine. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilikaa na wizara ya afya mpaka sheria ikaguswa, na kuanzia 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika mofini. Nchi yenye madaktari wachache iliamua kwamba maumivu hayawezi kungoja daktari. Uamuzi huo ulipita mikononi mwa watumishi wa serikali, watu wa mihuri na mafaili, ambao wangeweza kusema hapana na wasilaumiwe na yeyote.

Kiambu yenyewe ina mfano wa karibu. Katika hospitali ya Karuri kuna kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, tiba ambayo Tanzania ilitangulia kuianza Muhimbili mwaka 2011 na Kenya ikaifuata Mathari mwishoni mwa 2014. Mteja huja kila siku, hutambuliwa, hupimiwa kipimo chake, hukinywa mbele ya mhudumu, kisha hunywa maji na kuzungumza ili ijulikane amemeza. Methadoni na heroini zimeorodheshwa katika jedwali moja la mkataba wa 1961. Kinachotofautisha kliniki na kijiwe ni kibali, kipimo, rejista na mtu anayemwita mteja kwa jina lake. Mtumishi anayesimamia mpango huo anazuia na kuruhusu kwa tendo moja, kila asubuhi.

Kijana wa Thika anayetaka kazi hii atahitaji shahada ya famasia, mwaka wa mafunzo kazini, usajili, kisha uvumilivu. Atahamishwa. Atapewa bahasha na mwenye duka, na atapigiwa simu na mkubwa anayemtetea mwenye duka. Atahitaji kusoma sheria kama wakili na vitabu vya hesabu kama mkaguzi wa fedha, mambo ambayo vyuo huyapitia haraka. Vyuo vya hapa vingeweza kubadili hilo bila kungoja Nairobi, kwa kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa nne wafuatane na wakaguzi Ruiru na wakakae wiki kadhaa katika kitengo cha tiba shufaa.

Kaunti nayo ina la kufanya lenye tarehe. Makadirio ya dawa za kulevya kwa mwaka unaofuata hutakiwa Vienna kufikia 30 Juni, siku ileile mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya unapofungwa. Ili takwimu za Kiambu ziwe za kweli, Hospitali ya Thika Level 5, Ruiru na nyingine zinapaswa kuanza kuhesabu wagonjwa wa saratani, wa seli mundu, wa ajali na wa upasuaji mnamo Januari, mfamasia wa kaunti akakusanya Machi, na jumla ikafika kwa Bodi ya Famasia na Sumu kabla ya mwisho wa Aprili. Hospitali isiyopeleka hesabu yake huwekewa makadirio na mtu asiyewajua wagonjwa wake.