Kuchagua Mtaa wa Kuishi Nakuru kwa Anayefanya Kazi ya Mtandaoni

Mtu anayefanya kazi ya mtandaoni hukodi vitu viwili kwa kodi moja: mahali pa kulala na ofisi. Mwalimu au karani akihamia mtaa wenye kelele, kelele hizo humkuta jioni tu. Mtafsiri, mhasibu au mtunzi wa programu anayeshinda mezani humo humo ndani hula nazo, hulala nazo, na mteja wake wa ng'ambo huzisikia pia. Kwa sababu hiyo vigezo vyake si vile vya mpangaji wa kawaida, na sifa ya jina la mtaa, ambayo ndiyo madalali huiuza kwanza, humsaidia kidogo sana.

Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 iliwakuta watu zaidi ya 570,000 mjini. Ni kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kiasi kwamba anayehitajika ofisini mara moja kwa mwezi anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tangu kazi za nyumbani zizoeleke wakati wa janga la Korona mwaka 2020, umbali huo si kikwazo tena kwa wengi.

La kutangulizwa ni saa za kazi. Ofisi ya Uingereza ikifunguliwa saa tatu asubuhi ya huko, Nakuru ni saa sita mchana, au saa tano kunapokuwa na kiangazi kwao. Ya New York ikifunguliwa saa hiyo hiyo, Nakuru ni saa kumi na moja jioni au saa kumi, na kufungwa ni saa saba au saa sita za usiku. Watu hawa wawili hawawezi kushauriwa mtaa mmoja. Anayehudumia Ulaya huudhiwa na shule iliyo nyuma ya ukuta, karakana ya kuchomelea vyuma na kinu cha kusaga unga. Anayehudumia Marekani huudhiwa na baa na kesha la Ijumaa, na kisha mchana, anapotaka kulala, huudhiwa na vyote vile vya mwenzake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku katika maeneo ya makazi, lakini mpangaji hawezi kulala juu ya kanuni. Nyumba itazamwe saa zile zile ambazo kazi itafanywa, na angalau mara moja iwe Ijumaa usiku.

Baada ya saa, huja intaneti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo kasi ya Kenya haitegemei setilaiti peke yake. Nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika Mei 2024, Afrika Mashariki yote iliumia, mwenye jumba la kifahari na wa chumba kimoja sawia. Tofauti ya mtaa na mtaa iko katika mita mia chache za mwisho. Anayekagua nyumba asimame langoni na kutazama nguzo. Je, kuna kisanduku cheusi cha kugawia nyaya za faiba, na uzi mwembamba unaoingia katika ploti? Kama uzi unaishia nguzo tatu nyuma, ahadi kwamba utavutwa wiki ijayo isihesabiwe kuwa intaneti. Mkutano wa video wa mtu mmoja hauhitaji zaidi ya megabiti 4 hivi kwa sekunde, kwa hiyo jambo la kuulizwa majirani ni mara ngapi laini hukatika mvua ikinyesha, na fundi hufika baada ya siku ngapi. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye bango haijibu maswali hayo.

Stima huhusiana na intaneti kwa namna ambayo wengi hawaijui. Faiba nyingi za majumbani hupitisha mwanga katika vigawanyaji visivyotumia umeme mtaani; umeme unahitajika kwenye mitambo ya kampuni na kwenye rauta ya mteja tu. Stima ya mtaa ikipotea, betri ndogo ya rauta pamoja na ile ya kompyuta huiwezesha kazi kuendelea kwa saa kadhaa. Kukatika kwa stima nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023 kulidumu kuliko betri za namna hiyo, lakini kwa transfoma moja ya mtaa ndiko kwa mara kwa mara, na dawa yake ni hiyo.

Jambo ambalo wageni wa Nakuru hulisahau, nalo ni zito kuliko faiba, ni maji. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa imekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yanayochimbwa humo huwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Dalili yake huonekana katika meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia hapa, kwa maana floraidi hudhuru meno yakiwa bado yanaumbika. Mwenye watoto wadogo ndiye wa kujali zaidi. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki pale pale. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa, na ni njia iliyothibitika. Mwenye nyumba anayejisifu kwamba ploti ina kisima chake aulizwe matokeo ya kipimo cha maabara. Asipokuwa nayo, mpangaji aweke gharama ya maji ya kunywa ndani ya hesabu ya kodi. Anayeshinda nyumbani hunywa na kupikia maji hayo siku nzima, tofauti na anayekunywa chai ya ofisini.

Ardhi nayo ina tabia yake. Udongo wa majivu ya volkano hubomoka kirahisi, na katika misimu ya mvua nyufa na mashimo yamewahi kufunguka katika baadhi ya sehemu za magharibi mwa jiji. Ziwa Nakuru limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, likazihamisha familia za Mwariki na Barut. Huko Naivasha, mtaa wa Kihoto nao umefurika kwa kupanda kwa ziwa la huko. Kodi ya chini kando ya ziwa isimdanganye mtu.

Kuhusu mitaa yenyewe, mpango wa kikoloni bado unaonekana. Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, ilitengewa Wazungu, na viwanja vyake vikubwa vyenye miti ndivyo vinavyoipa utulivu hadi leo. Bondeni na Kivumbini zilijengewa wafanyakazi Waafrika, nyumba zikabanana. Anayefanya kazi usiku na mwenye uwezo atafute Milimani au safu za ndani za Section 58, mbali na barabara kuu. Kiamunyi, njia ya Eldama Ravine, na Lanet, njia ya Nairobi, zina nyumba kubwa zaidi kwa bei ile ile, ila vumbi la Januari na matope ya Aprili katika njia zisizo na lami ni ya kuvumiliwa. Upande wa London, anayeangalia nyumba apeleleze upepo unavuma wapi, maana moshi wa jaa la Gioto hauko mbali. Shabab na mitaa iliyo karibu na katikati ya jiji humfaa anayeanza, kwa kuwa soko na matatu viko karibu.

Usalama uulizwe kwa uadilifu. Mawanga, upande wa Bahati, ilitikiswa na mauaji ya wanawake mwaka 2022, na wakazi wake wema wangali wanabeba jina hilo baya. Kinachopaswa kuchunguzwa ni taa za barabarani, umbali wa kutoka stendi ya boda boda hadi lango, na kama ploti ina mlinzi saa saba usiku. Mwanamke anayefanya zamu ya Marekani awaulize wanawake wanaoishi hapo, wala si dalali.

Mwisho ni mkataba. Kabla ya kulipa amana, mwenye nyumba aandike kwamba anaruhusu laini ya kampuni yoyote kuvutwa, au kisahani cha setilaiti kufungwa juu ya paa, kwani zipo ploti ambazo mtoa huduma mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia. Idhini hiyo ikikataliwa, nyumba hiyo iachwe, hata kama iko Milimani.