Kumuuguza Mtoto Mwenye Selimundu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliamrisha apigiwe hema msikitini Madina apate kumzuru kwa karibu, na bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa akiwauguza majeruhi. Basi habari za uuguzi si ngeni msikitini.

Leo namkusudia mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Chembe nyekundu za damu yake hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa myembamba, naye akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Mama huambiwa kwao kuna mkosi, na pengine hupewa talaka. Enyi waume, mcheni Mungu! Mtoto huurithi ugonjwa huu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wameibeba asili yake, hali wenyewe ni wazima, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mtoto mgonjwa. Amlaumuye mkewe ajue kuwa nusu ya jambo hilo imetoka mgongoni mwake.

Muuguzi wa kwanza wa mtoto huyu ni nyinyi mlio nyumbani. Anyweshwe maji mara kwa mara, akingwe na baridi, na penisilini aliyoandikiwa mpaka atimize miaka 5 apewe kila siku, ijapokuwa anacheza na kucheka. Akishikwa na homa, msingoje asubuhi wala msianzie kwa mganga; wengu wake, ulio kinga ya mwili, umekwisha dhoofika, na vijidudu vyaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Mama naye aombe kliniki afundishwe kuupapasa wengu huo, chini ya mbavu za kushoto. Ukivimba ghafula na mtoto akapauka, akimbizwe hospitali, huenda akahitaji kuongezwa damu. Na damu hiyo hutoka mikononi mwa watu wazima wenye afya kama nyinyi mnaonisikiliza.

Ama Ramadhani, asiyebaleghe saumu haijamlazimu, na mgonjwa Qurani imempa ruhusa ya kufungua. Basi msimsifu mtoto huyu kwa kushinda na kiu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.