Makandarasi Wadogo: Kuwachagua na Kuwasimamia

Mtu apitaye mjini akaona jengo la biashara likipanda, maduka chini na ofisi juu, hudhani ya kwamba kazi ile yote ni ya mkandarasi mmoja, yule ambaye jina lake limeandikwa ubaoni mbele ya ua. Sivyo. Mara nyingi mkandarasi huyo hana hata nusu ya mafundi wanaoonekana pale. Yuko aliyeitwa kufunga nondo, na mwingine kulaza mabomba, na mwingine kuvuta waya za umeme; wako wa madirisha, wa vigae, wa rangi, wa paa na wa lifti. Kila mmoja ana watu wake na vyombo vyake, na amepatana na mkandarasi mkuu, wala si na mwenye jengo. Hao ndio tutakaowaita makandarasi wadogo. Twawaita wadogo si kwa ajili ya mali yao, maana yule wa lifti pengine ni tajiri kuliko mkubwa wake, bali kwa kuwa wako chini yake katika mapatano.

Habari hii yawahusu hata ninyi mlio vijijini. Vijana wetu watokao katika vyuo vya ufundi huanza maisha yao kwa kuwa makandarasi wadogo. Na wazee wao, wakiisha kuuza kahawa au pamba, hujenga ghala la ushirika au safu ya maduka kando ya njia kuu. Basi mmoja atachagua na mwingine atachaguliwa, na heri wote wawili waijue njia.

Neno la kwanza ni hili: kazi hugawika, lakini dhamana haigawiki. Twataka kulieleza kwa habari ya kweli. Katika mji wa Kansas City, nchi ya Marekani, ilifunguliwa hoteli kubwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake palikuwa na madaraja ya kupitia watu, yamening'inizwa darini kwa vyuma vyembamba: daraja la ghorofa ya pili lilikuwa chini ya lile la ghorofa ya nne. Wahandisi walikuwa wamechora chuma kimoja kirefu kutoka darini, kipite katika daraja la juu na kushuka mpaka la chini. Mkandarasi mdogo wa vyuma aliona taabu kukitengeneza chuma kirefu namna ile, akashauri viwe viwili: kimoja kutoka darini mpaka daraja la juu, na cha pili kutoka daraja la juu mpaka la chini.

Msikiaji aweza kusema, kuna tofauti gani? Na afikiri habari ya vibuyu viwili vya maziwa. Ukivifunga vyote viwili katika kamba moja itokayo kwenye mwamba wa nyumba, kila kibuyu hujitegemea mwenyewe katika kamba. Lakini ukikifunga cha chini katika kitanzi cha kile cha juu, kitanzi kile chabeba vibuyu viwili. Ndivyo ilivyokuwa. Maungio ya daraja la juu yalitwishwa mzigo maradufu, na hata mchoro wa kwanza, kama ilivyoonekana baadaye katika uchunguzi, haukuwa na nguvu iliyotakiwa na sheria ya mji. Usiku wa tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa wamejaa ukumbini kwa ngoma, madaraja yote mawili yalianguka. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 waliumia.

Katika uchunguzi ilionekana kwamba yule mkandarasi wa vyuma naye alikuwa ameigawa kazi ya kuchora maungio kwa watu wengine wa nje. Mchoro uliorudi kwa wahandisi ulipigwa muhuri, wala hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu ya badiliko lile. Mmoja alidhani mwenzake amepima, na mwenzake alidhani hivyo hivyo. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri, maana muhuri ulikuwa wao. Twaomba vijana wakumbuke: fundi akishauri badiliko, hata liwe dogo mfano wa karanga ya chuma, aliyechora hana budi kulipima kwa hesabu na kulijibu kwa maandiko kabla kazi haijafanywa.

Wala si mbali tu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Kwa hiyo hatusemi habari za faida na hasara peke yake.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini walisema juu ya jembe, hawakusema juu ya mtu atakayemwaga zege juu ya vichwa vya watu. Anza kwa serikali. Katika Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na katika Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, kwa sheria ya mwaka 2011. Kila moja huwapanga makandarasi kwa madaraja kwa kadiri ya uwezo wao. Mtu akikuonyesha cheti, usikitazame kwa mbali kama picha. Soma jina, daraja, aina ya kazi na mwaka, kisha uliza katika ofisi yenyewe kama ni cha kweli. Cheti cha kujenga si cheti cha umeme.

Lakini cheti chaonyesha tu kwamba mtu ameruhusiwa; hakionyeshi kwamba ni mwaminifu. Katika jambo hili sisi twaamini miguu kuliko karatasi. Nenda ukaone kazi aliyoimaliza miaka miwili iliyopita, wala si ile aliyoimaliza jana, kwa kuwa rangi mpya huficha mengi. Ikiwezekana nenda wakati wa mvua, utazame chini ya paa na pembe za madirisha. Muulize mwenye jengo kama fundi alirudi alipoitwa kurekebisha. Muulize na mwenye duka la saruji kama mtu huyu hulipa madeni yake. Zaidi ya wote, waulize vibarua wake, pasipo yeye kuwapo, kama mshahara wao hufika kwa wakati; maana mkandarasi asiyewalipa watu wake ataachwa nao siku ile ile ya kumwaga zege, nawe utabaki na nusu ya sakafu.

Tena uliza ana kazi ngapi sasa. Wako mafundi hodari sana ambao kosa lao ni moja tu: hawawezi kukataa kazi. Watu wake kumi na wawili huwagawa mahali patatu, na kila mwenye jengo huambiwa, "Kesho, Bwana." Fundi wa kadiri aliye na nafasi ni bora kuliko bingwa asiyeonekana.

Ikiwa umepata watu watatu wa kukupa bei, usikimbilie iliyo ndogo. Zilinganishe kwanza. Je, wote wamehesabu jukwaa la kupandia? Wote wamehesabu uchukuzi wa vitu, na kuondoa kifusi? Mara nyingi bei ndogo ni ndogo kwa sababu kitu kimeachwa, ama kwa kutojua, ama kwa werevu, ili kije kudaiwa baadaye kwa jina la kazi ya ziada. Mwite mtu huyo, mkae naye na michoro mezani, mpitie jambo kwa jambo. Aliyekosea kwa haki atashukuru, mwerevu atakasirika.

Liko jambo la vifaa pia. Kwetu ni desturi fundi kuleta mikono tu, na saruji na nondo hununuliwa na aliyemwajiri. Njia hiyo hukupa hakika ya vifaa, lakini fundi hana uchungu na mfuko wa saruji usio wake, nao hupotea. Njia ya pili ni fundi kuleta vyote. Hapo hapotezi kitu, lakini huenda akapunguza saruji katika mchanganyiko ili azidishe faida. Kwa sehemu zibebazo jengo, yaani msingi, nguzo, boriti na sakafu za juu, sisi twapendelea vifaa vishikwe na mkandarasi mkuu mwenyewe, na kwa vigae na rangi alete fundi. Wengine hawatakubaliana nasi, na wana hoja zao.

Mkiisha kupatana, andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Hati haina haja ya maneno makubwa ya kisheria. Lakini ionyeshe namba ya kila mchoro, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, nani analeta nini, nani analinda vitu usiku, na kwamba hakuna kazi ya ziada itakayolipwa isipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi kabla haijaanza. Ionyeshe pia kwamba fundi hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine kazi hiyo bila kibali. Twaliweka neno hili kwa sababu ya Kansas City.

Kusimamia ni zaidi kujua nani atangulie. Fundi bomba na fundi umeme wafike kabla ya zege, waweke njia zao, la sivyo watakuja baadaye na patasi na kuzikata nguzo. Mabomba yajazwe maji na kujaribiwa kabla ya lipu kuyafunika. Zege likimwagwa, litiliwe maji kila siku walau siku saba; na siku ya kumwaga zijazwe kalibu ndogo za mchemraba, zenye milimita 150 kila upande, zipelekwe kuvunjwa maabarani baada ya siku 7 na siku 28. Mche ukivunjika mapema kuliko ilivyotakiwa, kazi isimame hapo mpaka mhandisi aje, hata kama mkandarasi mdogo anapiga kelele juu ya wakati. Kila juma wakutanishe wasimamizi wote, hata kwa nusu saa, kila mmoja aseme atakuwa wapi juma lijalo. Ugomvi mwingi kazini si wa chuki. Ni watu wawili waliotumwa kwenye chumba kimoja siku moja.

Yabaki malipo, na hapa lawama mara nyingi ni ya mkubwa. Katika Uingereza ilikuwako kampuni kubwa ya ujenzi iitwayo Carillion. Iliwapa wauzaji na makandarasi wadogo sharti la kungoja malipo yao hata siku 120. Mwezi wa Januari 2018 ilifilisika, ikiwa na madeni karibu pauni milioni elfu saba na fedha taslimu pauni milioni 29 tu. Biashara zipatazo 30,000 zilikuwa zikiidai. Hospitali iliyokuwa ikiijenga Liverpool, iliyotazamiwa kumalizika mwaka 2017, haikuwapokea wagonjwa mpaka mwaka 2022. Na tangu sheria ya mwaka 1996, nchi ile ilikuwa imekwisha kukataza mapatano ya "nitakulipa nikilipwa", ila pale anayepaswa kumlipa mkubwa mwenyewe amefilisika. Huku kwetu maneno hayo bado husikika sana, nayo huwaua mafundi wadogo walio wema kabla ya wabaya, maana mwema amekwisha kutoa mishahara mfukoni mwake.

Basi mpime fundi kazi yake kila juma mbili au kila mwezi, mkiwa pamoja na kamba ya kupimia, mwandike, na mlipe aliyoyamaliza. Usimlipe yaliyo mbele, wala usimcheleweshe kwa yaliyo nyuma. Katika kila malipo ni desturi kuzuia sehemu kidogo, 5 au 10 kwa mia. Nusu ya akiba hiyo hupewa siku ya kukabidhi kazi, na nusu ya pili baada ya miezi sita au mwaka, kama walivyoandikiana, ikiisha kuonekana kwamba hakuna nyufa wala mavujo. Ikiwa wewe ndiwe mkandarasi mdogo, andika tarehe hiyo daftarini mwako ukaidai siku yake, maana wakubwa wengi huisahau. Na ikiwa wewe ndiwe uliyezuia, panga muda huo upite juu ya masika, upande ukatazame paa mvua inyeshapo, kisha umlipe mtu haki yake.