Dawa ya Kuchua Ina Mipaka Yake

Leo nazungumzia maumivu ya mwili. Hapa kwetu Nyasubi, mjini Kahama, kuumwa mgongo kunahesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Mchimbaji mdogo huinama kutwa nzima ndani ya duara, akina mama huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, na vijana hubeba viroba mabegani. Jioni kinachotafutwa ni kichupa cha dawa ya kuchua.

Siku hizi kuna pia mafuta ya magnesiamu, yanayosifiwa katika matangazo ya simu kwamba huondoa maumivu ya misuli na hata kuleta usingizi. Kwanza tuelewane: hayo si mafuta. Ni chumvi ya magnesiamu iliyoyeyushwa katika maji, nayo huteleza mkononi kama mafuta. Ukiipaka penye mchubuko, itakuwasha. Ndugu yake ni chumvi ya haluli, ambayo wazee wetu waliinywa kusafisha tumbo.

Ni kweli kwamba misuli na mishipa ya fahamu huhitaji magnesiamu. Lakini je, hupenya ngozi? Ngozi imeumbwa kuwa ukuta, na mpaka leo hakuna ushahidi wa kutosha kwamba magnesiamu ya kupaka huingia mwilini kwa kiasi cha kutibu misuli. Mbona basi aliyechuliwa hupata nafuu? Ni kwa sababu amechuliwa! Mkono wa mchuaji, maji ya moto na mapumziko hufanya kazi yake. Anayetaka magnesiamu aende sokoni akanunue karanga, choroko, mtama na mchicha.

Madini haya haya yana kazi nyingine kubwa, nayo iko wodi ya wazazi. Mama mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba hudungwa sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au aliyevimba uso, asipakwe dawa kwenye paji la uso na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Vivyo hivyo kwa wengine. Mchimbaji ambaye miguu imekufa ganzi au hawezi kuzuia mkojo, uti wake wa mgongo uko hatarini. Anayeumwa kifua, anakohoa na kukonda, akapimwe kifua kikuu. Mtoto anayelia mara kwa mara kwa maumivu ya mikono na miguu apimwe seli mundu, ugonjwa ulio mwingi katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa. Mwenye homa apimwe malaria.

Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari, wala siwakatazi watu kuchuana. Uchovu wa kazi uchuliwe, upumzishwe. Lakini maumivu yanayorudi kila wiki yanadai kupimwa, na kichupa hakipimi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.